Sufu Nyekundu ya Adinani wa Lionja

Wanaume waliojua kufuma sweta Nachingwea nzima, miaka ile Wazungu wa mradi wa karanga walipokuwa wanafungasha virago, walikuwa wangapi? Mmoja. Na huyo mmoja alikuwa Adinani, mzaliwa wa Lionja, askari wa zamani wa Keya, jeshi la Waingereza, mchoma korosho wa karibu na stesheni, mtu mwenye maneno ya kujaza behewa zima yakabaki mengine ya kuning'inia mlangoni.

Kufuma alijifunzia hospitali. Vitani huko Bama, dhidi ya Wajapani, kipande cha chuma kilimwingia pajani, akapelekwa Uhindi, akalazwa miezi mitano. Manesi wa kule, walipoona majeruhi wanagombana kwa kukosa la kufanya, wakawagawia sindano mbili mbili na madonge ya sufu. Wenzake wengi walizitumia sindano kujikunia ndani ya plasta. Adinani akafuma skafu. Ilianza na upana wa kiganja, ikaishia na upana wa mkeka, lakini nesi alimpigia makofi, na makofi yale ndiyo yaliyomharibu. Mwaka wa arobaini na sita akarudi kwao anachechemea, sindano zake amezifunga kwenye kitambaa kama hirizi.

Lionja walimpokea kwa kicheko. "Adinani, vita vile mlipigana na nani, na kondoo? Mbona wenzako wamerudi na nishani, wewe umerudi na manyoya?"

"Chekeni," akawajibu. "Kipupwe kikiingia mtakuja kuniomba kofia, na sitawapa."

Aliwapa. Alikuwa mtu wa kutoa, hilo halina ubishi, mradi mpokeaji akae asikilize habari za Bama mpaka mwisho. Mradi wa karanga ulipokuja akahamia Nachingwea, akafanya kazi jikoni kwa Mzungu mmoja, na kule akamwona bibi wa nyumba anafuma jioni. Akamsahihisha. Hadi leo haijulikani alisahihisha nini, kwa sababu kesho yake hakuwa na kazi.

Ndipo akaingia kwenye korosho. Anayechoma korosho anajua: mafuta ya ganda yakikurukia hayana msamaha. Yalimbabua vidole, ngozi ikatoka, ikaota nyingine, nayo ikababuka, mwaka hadi mwaka, mpaka ncha za vidole zikawa nyeusi na ngumu kama kwato za mbuzi. Kaa la moto aliliokota kwa vidole viwili akawashia sigara, wasafiri wa treni wakabaki midomo wazi. "Mkono wa Keya huu," aliwaambia. "Hauhisi kitu."

Kweli haukuhisi. Lakini hayo tuyafikie kwa hatua.

Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Zaitun, naye aliolewa Likunja, upande wa Ruangwa, na kijana mkulima aitwaye Yunusi. Siku ya harusi Adinani alikuwa ametangaza kwamba maharusi watajifunika blanketi alilofuma kwa mkono wake. Akalileta. Likawafika magotini. Mama mkwe wa Zaitun, Bi Mwamini, mwanamke asiyejua kumeza neno, alilikunjua mbele ya watu akauliza, "Mkwe, miguu yao tuilaze kwa jirani?" Watu walicheka mpaka ubwabwa ukapoa. Adinani naye alicheka, kwa meno tu, na njia nzima ya kurudi hakumsemesha mkewe.

Kwa hiyo mwaka wa hamsini na tano habari zilipofika kwamba Zaitun amejifungua mtoto wa kiume, ameitwa Amri, na atatolewa nje siku ya arobaini, Adinani alikurupuka kama aliyemwagiwa maji. Mkewe Sabaha alitangulia kumwogesha mzazi majuma mawili ya mwanzo, akarudi na homa. Sherehe angeiendea yeye peke yake. Na asingeenda mikono mitupu.

Akaingia kwenye duka la Mhindi karibu na soko. Mhindi akamwekea mezani sufu za aina mbili, mabaki ya enzi za Wazungu. Moja nyembamba, rangi ya maziwa. "Hii ya toto dogo," akasema. "Nyingine hii ya sweta ya kazi, ya baridi kali." Nyingine hiyo ilikuwa nene, nyekundu, nyekundu ile ya kukuita kutoka upande wa pili wa barabara.

Adinani akaibonyeza ya maziwa. Vidole havikumwambia kitu. Akaibonyeza nyekundu. Vidole vikanyamaza vile vile. Naye akachukua ule unyamavu kuwa ndio ulaini.

"Zote laini sawasawa," akatangaza. "Nipe nyekundu."

Pembeni alikuwa amesimama Klementina, yaya wa wodi ya watoto hospitali, amekuja kununua vifungo. Akacheka kidogo. "Mjomba, samahani. Usipime kwa vidole hivyo. Vidole vyako vimeliwa na korosho. Ipitishe mdomoni, au iweke kwenye kope. Ngozi ya mtoto mchanga ni utando wa maziwa."

"Binti, mimi nimeanza kufuma wewe hujaota meno."

"Meno nimeota, mjomba. Na wodini nawapokea watoto waliochubuliwa na sweta za majivuno."

"Sweta za majivuno!" Adinani akamgeukia Mhindi. "Unamsikia? Mtu anafunga nepi, anataka kumfundisha askari wa Keya." Kisha, kwa sauti ya kumhurumia: "Mtoto wa kiume, mwanangu, humvalishi rangi ya uji."

Klementina akalipia vifungo vyake. "Haya, mjomba. Mpitishie shavuni japo mara moja kabla hujamvika."

Hakupitisha. Majuma matatu alikaa kibarazani, sindano zinagongana, akawa anafuma sweta, kofia na soksi. Ukosi na ncha za mikono na ukingo wa kofia akavifuma kwa matuta, mawili juu, mawili chini, kama shamba la mhogo lililolimwa na mtu mwenye adabu, ili vikaze vizuri. Sabaha, yuko kitandani na homa yake, akaomba alione sweta. Akalishika, akaliweka shingoni.

"Baba Zaitun, sufu hii inawasha."

"Ni homa hiyo. Mwenye homa hata shuka humwasha."

Sabaha akalirudisha. Miaka ishirini ya ndoa ilikuwa imemfundisha mahali pa kuishia.

Ijumaa ya sherehe Adinani alifika Likunja na baiskeli yake, vumbi mpaka kwenye nyusi, amechoka lakini kifua mbele. Watu walipokwisha kula akasimama, akafungua kifurushi polepole, kwanza soksi, halafu kofia, halafu sweta lenyewe, na ule wekundu ukawaka uani pote. Kinamama wakapiga vigelegele. Bi Mwamini akalishika, akaligeuza ndani nje, akatafuta pungufu. Hakuliona. Mikono ilikuwa miwili, na yote imefika mwisho.

"Mkwe," akasema, "leo umetuweza."

Neno hilo lilimpanda Adinani kichwani kuliko tembo. "Na msimvalishe kitu ndani," akaagiza mbele ya wote. "Sufu hii inakaa kwenye mwili mtupu. Mkimwekea kitambaa mtamnyima ulaini wake."

Zaitun, alipokuwa anamvika mtoto, alihisi nyuzi zinamkwaruza mkononi. Lakini mwanamke gani atasimama uani kwa wakwe zake, siku baba yake amesifiwa kwa mara ya kwanza, aseme zawadi inakwaruza? Akafunga vifungo.

Jumamosi mtoto aliamka analia. Akapewa ziwa, akalia. Akapakatwa, akabebwa, akaogeshwa kwa majani, akalia. Kwa kuwa kipupwe kilikuwa kikali, kila aliyemchukua alimwongezea kofia na kumfunga ukosi vizuri zaidi.

Alasiri Zaitun akamletea baba yake mtoto ampakate, yeye achote maji. Adinani akamlaza mtoto mapajani, akaanza kumsimulia habari za Bama. Mtoto akajinyonga kwa kilio. Adinani akamfungua kifungo cha juu apate hewa.

Shingoni palikuwa na mistari. Miwili imeinuka, miwili imelala. Miwili imeinuka, miwili imelala. Imezunguka shingo yote, myekundu, na penye mikunjo ngozi imeanza kutoa maji. Akatazama vifundo vya mikono: mawili juu, mawili chini. Akainua kofia: paji lilikuwa limeiva kama papai. Mganga angeweza kubisha, daktari angeweza kubisha. Adinani asingeweza. Matuta yale aliyahesabu mwenyewe majuma matatu.

Akatazama kulia na kushoto. Bi Mwamini alikuwa jikoni. Uani hapakuwa na mtu.

Akakifunga kifungo. Hicho ndicho alichofanya bingwa wetu: akakifunga kifungo, taratibu, mpaka juu.

Usidhani hakuhangaika. Jumapili asubuhi alimfuata Bi Mwamini na uso wa mtu mwenye shughuli. "Mkwe, lile sweta nimeona kifungo kimoja kimelegea. Hebu nilichukue, nirudi nalo Nachingwea nikalikaze, mtalipata mwezi ujao."

"Wewe mkwe, zawadi ikishatolewa unaidai tena?" Bi Mwamini akacheka. "Kifungo tutakaza wenyewe. Na hivi mtoto anaumwa, ndiyo nimvue apigwe na baridi? Ningekuwa na jingine ningemvika mawili."

Jibu lilikuwa rahisi, maneno matatu au manne tu. Adinani alikuwa na maneno elfu, lakini manne yale hakuyapata. Akasema, "Haya, mkwe," akaenda kukaza mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa umelegea.

Alasiri hiyo akaitwa. Ndani, juu ya mkeka, walikuwa wamekaa Mzee Shehe, baba yake Yunusi, mtu mpole mwenye sauti ya chini, Bi Mwamini, Yunusi, ameinamisha kichwa, na Zaitun karibu na mlango, mtoto mgongoni.

"Mkwe," Mzee Shehe akaanza, "tunakuita kwenye jambo zito, utusamehe. Mtoto amechafuka mwili. Jana vipele, leo vidonda."

"Sema lilivyo, baba Yunusi," Bi Mwamini akamkata. "Mtoto amebemendwa. Hawa hawakungoja arobaini. Wamekutana kabla ya siku, na jasho lao limempata mtoto. Mimi nimelea saba, naijua dalili."

Zaitun akainua uso. "Mama, naapa kwa huyu huyu mtoto. Yunusi hajavuka kizingiti changu."

"Mimi nalala dunguni, mama," Yunusi akasema, "nafukuza nguruwe kwenye mhogo. Unajua."

"Na dunguni nani alikuona? Nguruwe?"

Ndipo Zaitun akamgeukia baba yake. Alimtazama tu, kama alivyokuwa akimtazama alipokuwa mdogo, watoto wa stesheni wanamchokoza, naye anajua baba yake yupo na ana mdomo. Mdomo ule ule uliowanyamazisha makuli, makondakta na wapishi wa Wazungu. Kazi yake siku hiyo ilikuwa ndogo kuliko zote ulizowahi kufanya.

Adinani akakohoa. "Wakwe zangu," akasema, "mimi hapa ni mgeni. Na vijana wa siku hizi... nani ajuaye?"

Nani ajuaye! Alijua yeye. Pale mkekani, katika watu watano, ajuaye alikuwa mmoja, na ndiye aliyeuliza.

Zaitun akageuza uso, akatazama nje. Mzee Shehe akapumua. "Basi arudi na baba yake kwa mama yake, akamtibu mtoto huko. Akipona tutakaa tena, tuone la kusema." Lilisemwa kwa upole, lakini pale palikuwa na watu wazima, na kila mmoja alijua mwanamke anayerudishwa kwao na kichanga kwa neno lile anaitwaje kisimani.

Jumatatu jua linachomoza wakaondoka. Bi Mwamini mwenyewe alimvika mtoto, sweta, kofia na soksi, kwa ajili ya upepo wa njiani. Mzigo wa Zaitun ukafungwa nyuma ya baiskeli, Adinani akawa anaisukuma anachechemea, Zaitun nyuma yake. Walipita mashamba ya watu wanaovuna ufuta. Wanaume wakasalimu, wanawake wakasimama wima wakatazama mzigo, kisha wakatazamana. Adinani aliitikia salamu zote huku akiangalia gurudumu la mbele.

Walipoyamaliza mashamba ya Likunja mtoto alilia mpaka sauti ikakatika. Zaitun akakaa chini, akamshusha, akampa ziwa. Mtoto hakulishika. Adinani aliegemea baiskeli. Alitazama ile shingo ndogo inavyojikunja, inakimbia ukosi, na ukosi unaifuata.

"Mvue," akasema.

"Kuna upepo, baba."

"Mvue sweta, Zaitun. Ni sweta."

Zaitun akamtazama. Adinani akaanza kueleza, na maneno, sasa hayatakiwi, yakaja yote: Mhindi hakumwambia vizuri, rangi ile nyingine ilikuwa mbaya, sufu za zamani si kama za siku hizi, vidole vyake unajua tena, korosho... Zaitun hakuwa anasikiliza. Alikuwa amekwisha kulivua. Akalipitisha shavuni mwake, mara moja, akafumba macho. Mtoto, mwili mtupu ndani ya kanga, akasinasina, akatafuta ziwa, akalipata.

"Kwa hiyo si mimi," akasema Zaitun.

"Si wewe, mwanangu. Ndiyo nakwambia."

"Mimi nilijua si mimi, baba. Wasiojua wako kule."

"Nitawaandikia. Nikifika tu Nachingwea, nampata karani mwenye mwandiko mzuri..."

"Baba."

Adinani akaigeuza baiskeli.

Kurudi ni njia ile ile, na mashamba yale yale, na watu wale wale, wanawake wakasimama tena na safari hii wakaacha ufuta. Njiani alitunga hotuba. Ilianzia Bama. Ilikuwa na sehemu ya manesi, na sehemu ya baridi ya milimani, na mwisho ikafika kwa sufu ikiwa imechoka, haina ubaya tena.

Uani Bi Mwamini alikuwa anatwanga na majirani watatu. Michi ikasimama. Mzee Shehe akatoka ndani. Adinani akafungua kinywa kwa ajili ya Bama, na Bama haikutoka.

"Mtoto hajabemendwa," akasema. "Ni sufu yangu. Inakwaruza. Niliambiwa dukani, nikaambiwa na mke wangu, sikusikia. Vidole vyangu vimekufa, havipimi kitu, nikaona haya kusema. Watoto hawa hawana kosa."

Bi Mwamini akafuta mikono, akalichukua sweta. Akalipitisha upande wa ndani wa mkono wake, kiwikoni, polepole. Akampa jirani. Jirani akalisugua shingoni, akasonya, akampa wa pili. Likapita mkono kwa mkono, na kila mmoja akimaliza alimtazama Zaitun, kisha akatazama chini. Adinani alisubiri wacheke. Blanketi lile walicheka, naye alikuwa amelala na kicheko kile miaka miwili akidhani ndiyo aibu. Safari hii hakuna aliyecheka, na angetoa baiskeli yake mtu mmoja acheke.

"Tangu lini umejua, mkwe?" Bi Mwamini akauliza.

Swali lilikuwa na mlango wa kutokea, wazi kabisa. Angesema, leo njiani. Hata Zaitun asingeweza kumpinga, hakuwahi kumuuliza. Zaitun alikuwa amesimama pembeni, mtoto amelala begani, naye anangoja jibu kama wengine.

"Tangu juzi," akasema Adinani. "Alasiri."

"Kabla ya kikao."

"Kabla ya kikao."

Mzee Shehe akageuka akaingia ndani, taratibu, kama mtu aliyesahau kitu. Bi Mwamini akauchomoa mchi wake kinuni, akauegemeza ukutani. Aliposema, hakumsemesha Adinani. "Zaitun, mwanangu, nipe huyo mtoto nimpake mafuta. Na njoo ndani. Mimi nawe tuna neno, na wa kusema ni mimi."

Zaitun akampa mtoto. Alipompita baba yake hakumtazama wala hakumkwepa. Alipita tu, kama mtu anavyopita penye mtu.

Yunusi akaja kutoka nyuma ya nyumba, jembe bado mkononi, akaliweka chini, akaanza kufungua mzigo wa mkewe kwenye baiskeli. Fundo lilikuwa limekaza. Adinani akanyoosha mkono amsaidie.

"Acha, baba," Yunusi akasema, bila ukali. "Shika tu baiskeli isianguke."

Adinani akaushika usukani, kwa mikono miwili, akasimama wima, mpaka fundo likafunguka.